Ngoma Isiyo na Mwenyewe

Montreal, Jumapili usiku

Shangazi,

Umeuliza picha nilizotuma ni za harusi ya nani. Si ya mtu. Huku ikifika kiangazi, kila Jumapili watu hubeba ngoma zao wakaenda chini ya Mlima Royal, kwenye mnara wa George-Étienne Cartier, mwanasiasa wa zamani. Wanapiga mpaka magharibi, na desturi hiyo ilianza miaka ya 1970. Hakuna mwali, hakuna pilau. Nilimtafuta mwenye shughuli nimwombe ruhusa ya kupiga picha. Kila niliyemuuliza alinitazama kama mgonjwa.

Na ruhusa si mchezo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba msichana wa mji huu huu, aliyepigwa picha ameketi ngazini ikatolewa jaridani bila idhini yake, alipwe dola 2,000. Ngazini, Shangazi! Na hapa mnarani wamejaa ngazi nzima. Umati wanasema hauna neno, lakini mimi mfuko naujua. Ndiyo sababu unaona migongo mingi.

Umesema pia wapigaji wanaonekana kama wanangoja chai. Kosa la kamera hilo: ikifumba na kufumbua kwa sehemu ya elfu ya sekunde, kofi linaganda hewani na ngoma inanyamaza. Kwa sehemu ya thelathini mikono inakuwa ukungu, na hapo ndipo mtu anapiga kweli. Zile ulizoziita mbovu ndizo nilizozihangaikia.

Kwa mdundo wenyewe, wewe uliyekulia kwenye mdundiko wa Kisarawe ungeondoka mapema. Djembe nyingi mno, wa kuongoza hayupo, kila mtu na safari yake. Halafu ghafla wanakutana, na hata polisi anatikisa kichwa.

Wale wenye mapanga na ngao kule mitini usiwahofie. Silaha ni za sponji, ni vita vya mchezo. Ni watu wazima, wana kazi zao na kodi za nyumba. Moshi nao si ubani. Bangi ni halali Kanada tangu 2018, kwa hiyo picha ile Mjomba asiione.

Mama mmoja alicheza hasa, nikaona nimtuze. Noti za huku ni za plastiki, hazishiki kwenye paji lenye jasho. Ikateleza mpaka puani, ikaanguka. Akaiokota, akanirudishia kwa adabu, akidhani imeniponyoka.

Mwanao