Kizunguzungu na Madaktari wa Kijiweni

Yaani jirani, ukitaka kujua Kondoa ina madaktari wangapi, sema tu kichwa kinakuzunguka. Wala usipaze sauti. Nong'ona. Watakuja wote.

Mimi nilinong'ona kwa muuza kahawa. Hapo hapo: "Presha hiyo." Fundi baiskeli akadakia, sukari. Kijana wa bodaboda, mtoto wa juzi tu, akasema mzee hiyo yutiai, siku hizi kila kitu yutiai. Mama wa maandazi akasema damu imepungua, kanywe rosela. Shemeji yangu yeye alinyamaza, akatikisa kichwa, akauliza kama nimegombana na mtu mambo ya mpaka wa shamba. Hapo nikaogopa. Maana nimegombana.

Nikawatii wote. Mimi mtu akisema kwa uhakika huwa namwamini. Rosela nikanywa mpaka ulimi ukabadilika rangi. Chumvi nikaacha. Sukari nikaacha. Mzee wa nyumba ya nyuma akanigawia vidonge vyake vya presha, vile vya kukojoza, kwa roho safi kabisa. Nikameza. Sasa nikawa nikilala nazunguka, nikisimama naanguka. Nikaanguka mbele ya mama mkwe. Na bakuli la mlenda mkononi. Mlenda, jirani! Mama mkwe hakusema neno. Alivuta tu khanga yake pembeni.

Usiku ndio balaa. Nikakumbuka 2016. Ulikuwepo wewe. Watu wa Chemba, wa kwetu hapa Kondoa, mpaka Kiteto kule Manyara: macho njano, tumbo linavimba, wanatapika, na hakuna anayejua ni nini. Ugonjwa usiojulikana. Jina lenyewe linatosha kukulaza. Wataalamu wakaja, wakapima watu, wakapima na mahindi ya majumbani. Sumukuvu! Mahindi hayajakauka sawasawa yanawekwa ndani, kuvu anaota, anaacha sumu, na sumu yenyewe hata usonge ugali kwa moto wa namna gani haifi. Inakwenda kwenye ini. Waliougua walihesabiwa 68, wakafa 20. Hapo sitanii.

Basi nikaamka usiku wa manane, tochi ya simu mkononi, nachungulia magunia yangu. Nikaona ukijani. Au ni tochi? Asubuhi nikainamia saitimira ya bodaboda, nimevuta kope, natafuta njano. Kumbe abiria keshapanda, anasubiri. Akauliza, "Huyu babu anajipaka wanja?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Macho yenyewe yalikuwa mekundu. Nikaanza kuuliza ugonjwa wa macho mekundu.

Zahanati nilipelekwa nimeshikwa mkono kama bibi harusi. Daktari kijana, ndevu bado zinajaribu. Namwambia nipime yutiai, hanisikii, anauliza tu. Uso umepinda? Mkono umelegea? Ulimi mzito? Unaona vitu viwili viwili? Maana hivyo, anasema, huenda ni kiharusi, na mtu wa hivyo hangoji kahawa ipoe. Hapana, sina. Akatoboa kidole: malaria hamna, damu ipo ya kutosha. Akapima presha nimelala, akapima nimesimama. Nikisimama inaporomoka. "Unameza nini, mzee?" Nikatoa mfuko. Akaumwaga mezani. Akavitazama vidonge vya mzee wa nyuma, akanitazama mimi, akatazama dari.

Kisha akauliza, "Kinaanza ukijigeuza kitandani?" Ehee! Nikigeukia kulia tu! Nikadhani kaongea na mke wangu. Akanikalisha kitandani, akakishika kichwa, akakigeuza kulia, akanilaza ghafla kichwa kinaning'inia. Nilipiga yowe. Nikakamata kilichokuwa karibu, kikawa gauni la nesi. Kifungo kikaruka. Daktari wala hana huruma, kaniinamia anaangalia macho yangu yanavyocheza, anafurahi!

Kumbe ndani ya sikio kuna vijiwe vya chokaa, vidogo mno, vinavyokusaidia kujua umesimama au umeinama. Vikichomoka vikaingia kwenye mifereji ya humo humo sikioni, ukigeuza kichwa tu vinabingirika. Sikio linasema tunazunguka, macho yanasema tumelala, ubongo haujui umsikilize nani. Na hakuna kidonge cha kuvirudisha! Akanigeuza kichwa kushoto, akanilaza ubavu, pua inatazama sakafu, akaniinua. Ni mtindo wa daktari wa Marekani, Epley, aliandika habari zake tangu 1992. Mimi nakunywa rosela! Vidonge vya mzee akavizuia. Sindano sikuchomwa hata moja. Sasa mtu unarudi mtaani umepona kwa kugeuzwa kichwa, utamwambia nani?

Nilimwambia mke wangu. Vijiwe, sikioni. Akaweka mwiko chini. "Ndiyo maana kila nikikutuma maji huitikii." Na mimi kwa kiherehere changu nikamrekebisha: hapana, daktari kasema kusikia nasikia vizuri kabisa, havizibi. Akanitazama. "Eee. Kumbe unasikia."

Ndoo ziko pale nje, jirani. Baiskeli yako ina upepo?