Heko kwa Mheshimiwa Giza

Watu wa Texas hawana shukrani. Kila barafu ikianguka na umeme ukakatika, utawasikia wakilaani, wakipiga simu zisizopokelewa, wakimbebesha Mheshimiwa Giza kila balaa. Hakuna hata mmoja anayesimama kumpa haki yake. Basi mimi niliyekulia Dar es Salaam, mwana halali wa mgao wa umeme, nimeona jukumu hili ni langu. Naandika nikiwa nimevaa kofia na soksi tatu tatu, na betri ya kompyuta haitaki maneno mengi.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia mbio. Giza hubana matumizi, na kwa hilo hana mpinzani. Akikuzimia friji, anakuachia nje baridi ya kugandisha ng'ombe mzima, hivyo hasara na fidia huingia kwa mlango mmoja. Huleta ujirani pia. Mama mmoja wa Kikongo wa nyumba ya tatu, ambaye tangu ahamie tulikuwa tukipungiana mikono tu, alinigongea akiwa amejifunika blanketi. "Kaka, kumbe hata huku umeme inakatikaka?" Nikamwambia, "Inakatika, dada, tena bila ratiba." Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Lakini fadhila yake kuu ni ualimu. Shule zote za jimbo hili hazijafundisha watu wengi kwa muda mfupi kama yeye alivyofundisha katika wiki moja ya baridi kali, Februari 2021.

Alianza na fizikia. Kabla ya hapo, nani mtaani alijua hezi ni mdudu gani? Umeme wa Marekani hupiga mapigo 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na mitambo yote iliyounganishwa sharti iende kwa mwendo huo mmoja. Mahitaji yakizidi umeme unaozalishwa, mwendo hupungua. Ukipungua mno, mitambo hujizima yenyewe isije ikaharibika, na kila unaojizima huiachia mingine mzigo mzito zaidi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 15, mwendo wa gridi ya Texas ulishuka chini ya hezi 59.4. Ungekaa huko dakika 9, mitambo ingeanza kujitoa mmoja baada ya mwingine. Ulikaa dakika 4 na sekunde 23. Zilibaki dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke, na kuinyanyua kungeweza kuchukua wiki kadhaa. Ili kuinusuru, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikatiwa umeme. Leo kinyozi wangu anakufundisha yote haya huku mashine ikiwa kisogoni pako, na hakosei desimali.

Akaingia kwenye historia na jiografia kwa pamoja. Tulijifunza kwamba sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake peke yake, kwa sababu sheria ya mwaka 1935 iliipa serikali ya shirikisho mamlaka juu ya umeme unaovuka mipaka ya majimbo, na wenye kampuni hapa wakaona heri umeme wao usivuke. Uhuru mtamu sana huo, mpaka siku unapotaka kuomba kibaba kwa jirani na kukuta njia ya kwake ni nyembamba kama uzi. El Paso, mji wa Texas ileile, umeungwa na gridi ya magharibi, na baada ya baridi kali ya 2011 walijenga na kukinga mitambo yao ipasavyo. Wiki ile El Paso taa ziliwaka. Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri, na watu walikuwa wakiyeyusha theluji kwenye sufuria ili wapate maji ya kumwaga chooni.

Somo la mantiki ndilo nililolipenda zaidi. Mitambo mingi ya umeme huku huendeshwa kwa gesi. Gesi husukumwa na mashine, na baadhi ya mashine hizo huendeshwa kwa umeme. Walipokata umeme ili kuokoa umeme, wakazikatia na mashine za gesi, gesi ikapungua, mitambo ikazimika, umeme ukapungua tena. Na kwa nini mashine za gesi zilikatiwa? Kwa sababu baadhi ya wenyewe hawakuwa wamejaza fomu ya kueleza kwamba wao ni watu muhimu. Fomu! Na ukiuliza nani anasimamia gesi ya Texas, utaambiwa ni Tume ya Reli. Usidhani nimekosea. Tume ya Reli ya Texas husimamia mafuta na gesi, na haina mamlaka hata juu ya behewa moja.

Uchumi aliufundisha kwa vitendo. Bei ya jumla ya megawati moja kwa saa, ambayo siku za kawaida ni dola makumi kadhaa, ilipandishwa kwa amri hadi dola 9,000 na kuachwa huko kwa siku kadhaa, eti wazalishaji wavutike kuzalisha. Wazalishaji walikuwa wameganda. Wateja waliokuwa na mikataba ya kufuata bei ya soko walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache, baadhi yao wakiwa wamekaa gizani sehemu ya siku hizo.

Kuhusu ugawaji, tuliahidiwa zamu: nyie mkae gizani kidogo, kisha wale. Zamu hazikuzunguka. Waliozimiwa walibaki hivyo siku baada ya siku, na katikati ya miji maghorofa ya ofisi zisizo na mtu yaliwaka usiku kucha. Mgao wa kwetu una aibu zake nyingi, lakini angalau huwa unagawa.

Wakafa watu 246. Hiyo ndiyo idadi rasmi ya jimbo. Wengine waligandia vitandani mwao, wengine mashine zao za kupumulia zilizimika, wengine waliuawa na moshi wa mkaa au wa gari lililowashwa ndani ya gereji. Kwetu mtoto wa darasa la tatu anajua jiko la mkaa halilali ndani na watu, kwa kuwa amesikia habari za familia iliyolala nalo ikakutwa asubuhi imekwisha. Sasa mtu amevuka bahari, amefika katika nchi yenye mali kuliko zote, kisha usiku anawasha mkaa sebuleni ili wanawe wasigande, na kesho yake anasikia kwenye televisheni kwamba tatizo lilikuwa watu kukosa elimu. Elimu gani? Desemba 1989 baridi ilizima mitambo hapahapa, wakaambiwa waikinge. Februari 2011 ikazima tena, wachunguzi wa shirikisho wakaandika ripoti nzima: fungeni mabomba, kingeni vipimo, jiandaeni. Ni blanketi tu za mabomba. Hakuna aliyelazimishwa kuzinunua mpaka maiti zilipohesabiwa. Na wakati maiti bado hazijahesabiwa, gavana alikuwa kwenye televisheni akiilaumu mitambo ya upepo, na seneta alikuwa njiani kwenda likizo Cancun.

Mheshimiwa Giza aniwie radhi, nimetoka kwenye mada.

Nyuma ya nyumba yangu kuna nguzo ya mti iliyonizidi umri. Imeinamia uani kwa jirani, ina mpasuko wa kuingia vidole, na mtu aliyepita zamani aliifunga bati kiunoni akaenda zake. Dhoruba ya safari hii ilivisha nyaya zake barafu, tawi la mwaloni likazilalia, transfoma ikatoa mwanga wa kijani na mlio mmoja, basi. Kampuni ikanitumia ujumbe kwamba umeme utarudi saa nne usiku. Saa nne ilipofika, ujumbe ukasema saa kumi alfajiri. Alfajiri ukasema "tunachunguza". Baadaye ukaja wa kuniuliza nimeridhishwa kiasi gani na huduma, kwa nyota.

Nilitaka kumaliza kwa kumvisha shada aliyetuletea mwalimu huyu. Anayeniuzia umeme anasema hana nyaya. Mwenye nyaya anasema hazalishi. Wazalishaji wanasema gesi haikufika, wa gesi wanasema umeme ulikatika. Nikaliendea baraza linaloongoza gridi, ERCOT, ambalo kwa sheria ni asasi isiyo ya kibiashara. Lakini Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba lina kinga ya dola na halishtakiki. Kama halipokei lawama, naona si haki kulilazimisha lipokee maua. Kwa hiyo nimeuliza treni zinasimama wapi hapa mjini, nikalikabidhi shada kwa wasimamizi wa gesi.