Jogoo Mmoja, Makanisa Matatu: Mwongozo wa Sikukuu za Vuli kwa Familia ya Mchanganyiko

Kwanza tuondoe uzushi kwamba hapa kwetu Maliba hakuna vuli. Majani hayapukutiki, ni kweli. Migomba ni kijani mwaka mzima, na ikweta inakatiza barabara ya Kasese kule karibu na Kikorongo, ingawa juu yetu Rwenzori ina theluji na kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Lakini kati ya Septemba na Novemba mvua inakuja, mto Mubuku unanguruma, kahawa inaiva, na baba mwenye familia ya mchanganyiko anaanza kuumwa kichwa. Hiyo ndiyo vuli yetu. Serikali imetupatia siku moja ya mapumziko katika majira hayo, Oktoba 9, siku ya uhuru wa Uganda. Sikukuu nyingine mnajitengenezea wenyewe nyumbani, na hapo ndipo vita vinapoanzia.

Tuseme familia ni hii. Mzee ni mgane, Mkatoliki wa Maliba, mwenye watoto wake. Amemwoa mama Msabato wa Bwera, naye kaja na wa kwake. Bibi wa nyumba, mama mzaa baba, ni mlokole wa Kanisa la Uganda, na sare yake ya Umoja wa Mama hupigwa pasi tangu Alhamisi. Mdogo wake mke ameolewa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe upande wa Kongo, kwa Mkimbanguisti. Kama nyumba yako ina madhehebu pungufu ya haya, hongera, lakini ngoja binti yako amalize chuo.

Usijaribu kumfurahisha kila mtu. Kazi hiyo imewashinda maaskofu. Kazi yako ni kugawa kero kwa haki, ili Novemba inapokwisha kila mmoja awe amenuna mara moja na asiwepo aliyenuna mara mbili.

Anza na majina, maana utayahitaji kabla hata ya sufuria kuinjikwa. Wakonzo tunampa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, mvulana wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Mfumo mzuri sana kwa nyumba yenye mama mmoja. Kwako wewe kuna Masika wawili na Bwambale wawili. Ukiita "Masika, lete maji!" watakuja wote au hatakuja hata mmoja. Usithubutu kusema Masika mkubwa na Masika mdogo. Kila mmoja ni kifungua mimba kwa mama yake, na mama aliye kaburini hajapoteza haki zake. Watumie majina ya ubatizo. Hapo utagundua kwamba wa Kikatoliki ni Maria na wa Kisabato ni Miriamu, na umerudi ulikotoka.

Sasa chukua kalenda na kalamu ya wino mwekundu. Oktoba ni mwezi wa rozari, kwa hiyo mzee atawakusanya watoto wake kila jioni sebuleni. Ijumaa jua linapozama Sabato imeingia, kwa hiyo mke naye atawakusanya wake. Sebule ni moja. Suluhisho linalojulikana ni rozari kukaa sebuleni na nyimbo za Sabato jikoni, na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika mbinguni. Bibi hatajiunga na upande wowote. Atakaa kibarazani akiziombea pande zote mbili ziokoke.

Oktoba 9 pika mbuzi. Nitaeleza kwa nini. Shemeji wa Kasindi atavuka mpaka siku hiyo, na kwa kuwa Oktoba 12 Wakimbanguisti humkumbuka Simon Kimbangu, aliyefariki mwaka 1951 akiwa kifungoni Lubumbashi baada ya miaka 30, mwachie kona ya heshima ya kusali kama atakuwa hajarudi. Ukimwalika chakula cha saa saba atafika saa nane, na saa yake ya mkononi itaonyesha saa saba kamili, kwa sababu Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Huna pa kumshika. Oktoba 19 ni kumbukumbu ya kutawazwa kwa Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu mwaka 2009, Charles Wesley Mumbere, ambaye ndani ya jina lake Mkonzo na mtunzi wa nyimbo za dini wa Uingereza wanakaa pamoja bila ugomvi. Mwonyeshe bibi mfano huo. Oktoba 22 nyamaza. Siku hiyo mwaka 1844 wafuasi wa William Miller kule Marekani walimngoja Yesu mpaka usiku wa manane, na katika wale waliobaki na huzuni ndipo Usabato ulipochipuka. Mkeo haiadhimishi, wala hatapenda uikumbuke kwa niaba yake.

Chakula. Nguruwe ameondoka mapema: Wasabato hawamli, Wakimbanguisti hawamli, na baba mdogo Mkatoliki anayemtamani atajua mwenyewe pa kumpata akiwa njiani kurudi. Samaki wa ziwa Edward ruksa, mradi awe na magamba. Sato anapita, kambale hapiti, Mambo ya Walawi sura ya 11. (Shemeji mwenyewe huenda anaitwa Kambale, kama wanavyoitwa wavulana wa pili upande wa Kongo. Usimtanie. Mzaha huo ameusikia tangu akiwa darasa la kwanza.) Ndiyo maana nikasema mbuzi. Weka na obundu, ugali wetu wa muhogo, wa kutosha na sombe yenye mawese. Tonto, pombe ya ndizi, ikae nyuma ya jiko kwenye jeri-keni isiyo na maandishi. Bibi ataijua kwa harufu na ataamua mwenyewe kama leo ni siku ya kuijua.

Kahawa inahitaji busara zaidi. Mkeo anailima, anaichuma, anaianika, anabishana na mnunuzi hadi senti ya mwisho, na haonji hata tone, kwa kuwa kanisa lake linakataza. Usimuulize. Nimewahi kusikia mtu akimuuliza Msabato swali hilo, akajibiwa kwamba hakuna aya inayokataza kulipa karo ya muhula wa tatu.

Novemba, senene wakianza kuruka, Mungu anakuwa upande wako. Walawi sura hiyo hiyo, mstari wa 22, inaruhusu panzi. Hakuna kanisa lenye neno. Kaanga wengi.

Kisha mavuno. Kila kanisa linataka shukrani, na vitu vinavyotolewa hupigwa mnada nje baada ya ibada. Huhitaji majogoo matatu. Mpeleke jogoo misani, mnunue mnadani, urudi naye. Jumapili inayofuata mpeleke Kanisa la Uganda, mnunue tena. Tarajia bei kupanda, kwani waumini wakishaona una haja na jogoo yule yule watapandisha dau kwa upendo wa Kikristo. Kwa Wasabato mpeleke mwisho, kwa sababu Jumamosi hawauzi wala hawanunui, na mnada itabidi usubiri. Muda huo jogoo atakuwa ameshachoka kusafiri. Mwachie Bwana.

Linabaki gumu. Novemba 2 Wakatoliki wanawaombea marehemu, na kaburi la mke wa kwanza liko hapo nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mzee anataka mshumaa, na padri akipatikana. Mke anaamini wafu wamelala na hawajui neno lolote. Bibi anaamini maombi yalipaswa kufanyika kabla. Watoto wa marehemu hawana teolojia; wanamtazama mama wa kambo waone atasimama wapi. Ukiitisha kikao, umekwisha. Fanya hivi: siku tatu kabla, lalamika kwa sauti kwamba magugu yamezidi shambani. Usitaje kaburi. Mama wa kambo atachukua jembe, maana ni mkulima na hawezi kuvumilia magugu, na atapalilia kuanzia mgomba wa kwanza hadi pale penyewe, na hapo atakuwa mwangalifu kuliko kwingine. Siku yenyewe ikifika mshumaa utawashwa mahali pasafi. Yeye atakuwa jikoni na uji wa watoto wote, Masika wote wawili wakiwemo. Bibi atasema mvua inakuja, na kwa majira haya hatakosea.

Majilio yakiingia, watu wataanza kuuliza Krismasi mtakula wapi: Maliba, Bwera au Kasindi. Kasindi iondoe kwenye orodha. Wakimbanguisti huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Mei 25, na shemeji atakukumbusha kwa upole kwamba ulialikwa na hukwenda.