Muhali na Shoka: Barua za Wasomaji

Tangu huduma ya mtandaoni ya Shudder ilipoanza kuonyesha tamthilia ya The Creep Tapes, iliyotokana na filamu za Creep, huko Marekani, tarehe 15 Novemba 2024, barua zimetumiminikia, nasi tumechagua tatu, ambazo waandishi wake, kwa sababu zitakazodhihiri, wameomba majina yao yasitajwe.

*Bwana Mshauri, baada ya salamu. Mimi ni mpiga picha za video, nakaa California. Bwana mmoja ameahidi kunilipa dola 1,000 kwa kazi ya siku moja katika nyumba yake ya milimani. Asema ana uvimbe wa ubongo, na anataka mwanawe, ambaye bado yumo tumboni, aje amwone baba yake walau katika picha. Nilipofika akavua nguo zote, akaingia hodhini, akaniambia niendelee kupiga. Kabatini mna kinyago cha mbwa mwitu, na nje shoka limekitwa katika gogo. Nataka kuondoka, ila mtu ni mgonjwa. Nifanyeje?*
*— Mwenye Haya, Milimani*

Ndugu yangu, adabu uliyolelewa nayo ni johari, lakini johari haivaliwi msituni mbele ya mtu usiyemjua. Mwenyeji wako, ambaye katika filamu ya Creep ya mwaka 2014 alijiita Josef, na katika ile ya 2017 akajitwalia jina la mtu aliyekwisha kumwua, aghalabu hamshiki mgeni kwa nguvu. Silaha yake ya kwanza, kabla shoka halijatajwa, ni kuomba radhi. Hukurukia kutoka nyuma ya mlango, ukighadhibika akakukumbatia, ukinuna akalengwalengwa na machozi, na kila utakapo kuaga hukutolea siri mpya ya aibu, ambayo aliyeisikia huona muhali kumwacha msemaji peke yake. Mwenzako aliyekutangulia alikwisha kuokoka, akarejea kwake salama. Lakini alipobembelezwa wapatane kiungwana, akaenda ziwani, akaiacha kamera garini ikimtazama, akaketi benchini kungoja, wala hakugeuka nyuma. Basi wewe geuka sasa. Ukiukosa ufunguo wa gari, enda kwa miguu.

*Bwana Mshauri, mimi na mume wangu tumekosana. Yeye asema mtu akimbizwaye na muuaji hutupa kamera, kwa hiyo tamthilia yote ni upuuzi. Mimi nataka kumaliza sehemu zote 6 za msimu wa kwanza. Nani ana haki?*
*— Bibi wa Toronto*

Bibi, hoja ya mumeo ni kongwe, kwani ndiyo iliyotolewa juu ya The Blair Witch Project mwaka 1999, ambayo waigizaji wake watatu walizungushwa katika misitu ya Maryland wakijipiga picha wenyewe, na gharama ile ndogo ikazaa karibu dola milioni 250. Na kabla ya hapo, Ruggero Deodato, kwa ajili ya Cannibal Holocaust ya mwaka 1980, alituhumiwa huko Italia kuwa amewaua waigizaji wake kwa kweli, hata ikambidi kuthibitisha kuwa wangali hai. Lakini mweleze mumeo kwamba katika Creep aliyeishika kamera ni Patrick Brice, ambaye ndiye mwongozaji, na mwongozaji huitupa roho kabla ya kamera. Tena na azingatie kanda hizi ni za nani. Katika filamu nyingi za picha zilizookotwa, yaani zijifanyazo kanda halisi zilizopatikana baadaye, mwokotaji ni polisi au jamaa za marehemu. Hapa anayezihifadhi, kuziandika majina na kuzitazama faraghani ni muuaji mwenyewe, ambaye Mark Duplass humwigiza kwa tabasamu la mwalimu wa chekechea. Kila sehemu ni kanda iliyotoka katika akiba yake, na wewe Bibi, hapo ukumbini kwako, umekikalia kiti chake. Kwa hiyo kabla sijahukumu nakuuliza: wazimaliza sehemu 6 kwa kuwa zakupendeza, au kwa kuwa umekwisha kuanza nawe waona muhali kuondoka?

*Mpendwa Mshauri, nina upweke. Marafiki ninaowaajiri huja kwa furaha, kisha hubadilika. Nimejaribu kuongopa; hata bibi mmoja nilimwambia waziwazi kuwa mimi ni muuaji, naye akaendelea kunipiga picha. Naona dawa yangu ni kuonana nawe ana kwa ana. Njoo na kamera. Nimetia dola 1,000 katika bahasha.*
*— Mpenda Watu*

Bwana, upweke wako nausadiki, na ndio unaonitisha, maana mtu mwenye kiu ya kupendwa kiasi cha kumhifadhi katika kanda kila aliyempenda kwa saa chache, hatatosheka na jibu la gazetini. Nasaha yangu ni kwamba ujipeleke polisi, kwa kuwa jela ina wenzi wasioweza kuondoka mapema, na kamera zimo ukutani usiku na mchana bila ya wewe kulipa kitu. Ama mwaliko wako, jibu ni la, nami sikulifuatisha na udhuru, kwani mwenye kutoa udhuru amekwisha kuufungua mlango wa kubembelezwa. Mhariri amekatazwa kutoa anwani yangu, na fedha zako zimerejeshwa kwa posta, zikiwa zimepungua bei ya stempu.