Mkanda na Ukoo Mzima

Baba watoto akishaamini jambo, mwachie Mungu. Aliamini fenibelti za siku hizi zote ni feki, kwa hiyo kila mkanda ulipoanza kulia asubuhi na jirani kufunga madirisha, yeye alikimbilia Kariakoo kununua mwingine. Wa mwisho ulikuwa halisi, una muhuri na risiti. Mkanda wa namna hiyo ukitunzwa hufika hata kilomita 100,000. Wetu haukumaliza msimu wa maembe.

Kwa asiyefungua boneti: mkanda huo mmoja wenye mifereji huzungushwa na puli ya krenki, nao unazungusha alteneta, pampu ya usukani na kompresa ya AC. Yeyote kati yao akivuruga, anayeumia ni mkanda.

Jumamosi kikao kikakaa uani. Mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti akabaki kusimamia nyumba, alishauri upakwe sabuni ya mche. Shemeji akasema grisi. Grisi! Raba ikishaonja mafuta inavimba na kulainika, na sabuni inanyamazisha kelele tu, ugonjwa uko palepale. Nikamwita fundi wa mtaa wa pili.

Alimwamkia mama mkwe kwanza, ndipo akaomba chupa yangu ya kunyunyizia nguo ninapopiga pasi. Akawasha gari, akanyunyiza maji upande wa mifereji. Kilio kikakatika. Baba watoto hajamaliza kupiga makofi, kikarudi.

"Kingezidi ningesema umelegea unateleza," fundi akasema. "Kikinyamaza halafu kikarudi, mzee, puli zimepishana."

Akazima gari, akauchomoa. Nikaomba tochi nione mwenyewe. Ukingo mmoja ulikuwa umefumuka, nyuzi zinaning'inia; wa pili mzima kabisa. Vumbi jeusi la raba limetapakaa kwenye breketi ya alteneta. Ufa hata mmoja hakuna, na hilo lilimchanganya baba watoto, maana yeye huhukumu mkanda kwa nyufa. Lakini mikanda ya sasa, ya raba ya EPDM, haikimbilii kupasuka kama ile ya zamani. Inalika polepole kama tairi.

Fundi akazungusha puli moja moja kwa mkono: hakuna beringi iliyokwaruza wala iliyocheza. Akaazima rula ya chuma ya mwanangu, akailaza kutoka puli ya krenki hadi ya alteneta. Pengo la milimita 3 hivi.

"Alteneta hii mlibadilisha?"

Baba watoto akatazama mawingu. Ilikuwa ya mtumba, kutoka Ilala, na fundi aliyeifunga alimrudishia "vyuma vilivyozidi" kwenye mfuko wa rambo. Mume wangu alimsifu kwa uaminifu! Eti gari lina vyuma vya kuzidi.

Msako ukaanza. Mfuko haupo. Mtoto wa kati ndiye aliyetoboa siri: washa moja nene, inayong'aa, bibi kaishonea kwenye pindo la pazia la chumbani kwake lisipeperushwe na feni.

Mama mkwe hakukataa kuitoa. Alitaka tu aletewe kizito kingine kwanza, tena kisichonuka mafuta. Fundi akampa beringi kuukuu, ikarudishwa. Mwishowe baba watoto alikwenda kufungua kufuli la stoo, likashonewa kwenye pazia. Washa ikarudi nyuma ya alteneta, rula ikalala bila pengo, mkanda mpya ukazunguka kimya. Stoo tunaifunga kwa kamba.