Barua ya Wazi kwa Wakubwa Watatu Kuhusu Tairi la Tatu

Kwa: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mwenye kadi; LATRA, mwenye leseni; na Kikosi cha Usalama Barabarani, mwenye filimbi.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KWA TAIRI LA TATU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji na viunga vyake yupo mnunuzi. Jina lake halitajwi kwa sababu anaweza kuwa mchuuzi wa migebuka wa Katonga, muuza mawese wa Mwandiga au seremala wa Gungu, na shida yake ikawa ileile. Pesa aliyonayo haifikii guta jipya la kiwandani, lakini inazidi kidogo bei ya bodaboda iliyochoka. Kati ya bei hizo mbili kuna soko zima linalofanyika chini ya miembe: pikipiki iliyotumika, imekatwa nyuma, ikaungwa ekseli yenye matairi mawili na kupachikwa bodi ya bati. Rangi huwa mpya. Kila kitu kingine kimeshakula chumvi.

Mnunuzi anayejua analolifanya hapandi kwanza. Anapiga magoti. Anaomba nyuma iinuliwe na kuwekwa juu ya jiwe, gia iwe huru, kisha anazungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto likifuata mwelekeo uleule, ameshapata jibu: hakuna difu, ni chuma kimoja kilichopitishwa kutoka rimu hadi rimu, sproketi katikati. Chombo cha namna hiyo kikienda mbele moja kwa moja hakina neno. Kwenye kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, moja lazima liburuzwe. Kwenye vumbi la Ujiji linaburuzika kwa adabu. Kwenye lami chombo kinagoma kukata kona na kutaka kuendelea mbele, na huko mbele mara nyingi kuna mtu.

Halafu breki. Pikipiki hii ilizaliwa na ngoma moja ya breki nyuma, ndani ya kitovu cha tairi ambalo sasa halipo. Fundi mwenye moyo ameweka ngoma mbili na kusawazisha waya zake. Fundi wa haraka ameweka upande mmoja, kwa hiyo, kama difu ipo, ukikanyaga chombo kinageuka kutazama kilikotoka. Mteremko wa Barabara ya Lumumba, kutoka Mwanga kushuka stesheni ya reli, haujali ni fundi gani kati ya hao wawili aliyepata kazi.

Kuna pia jambo la mguu, ambalo muuzaji halitaji kamwe. Dereva wa bodaboda amezoea kushusha mguu kila anaposimama. Kwenye matairi matatu mguu huo unatua mbele ya tairi la nyuma, lililotokeza nje ya mwili wa pikipiki, na tairi linampanda kisigino. Amezoea pia kulaza pikipiki kwenye kona. Hii hailali, inabaki wima na kumsukumia dereva nje, na kama nyuma kuna madumu ya mawese yaliyojaa nusu, mafuta nayo yanahamia upande uleule. Injini ya cc 125 au 150 inayopozwa na upepo ilitengenezewa watu wawili na mwendo wa kutosha. Ikipandisha magunia ya dagaa mlimani kwa gia ya kwanza, upepo huo haupo. Gia ya kurudi nyuma nayo haipo: anayetaka kurudi nyuma sokoni huomba vijana wawili.

Mwisho mnunuzi huchukua ufunguo na kukwangua rangi palipochomelewa. Hapo muuzaji hukohoa.

Sasa, waheshimiwa, ndipo mnapoingia. Namba ya chasisi ya pikipiki hugongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, yaani sehemu ambayo grenda la fundi halikuigusa. Kwa hiyo namba ni halali, injini ni halali, kadi ni halali. Kuanzia tangi la mafuta kwenda mbele, kila kilichoandikwa ni kweli tupu. Kuanzia kiti kwenda nyuma ni mabaki ya guta la Kichina lililokufa kifo chake mahali pengine, na halimo katika karatasi yoyote. Mnunuzi analipa mara moja na kupata vyombo viwili: kimoja cha kuwaonyesha ninyi, kingine cha kubebea samaki.

Akitaka kuhamisha umiliki, kama sheria inavyomtaka, ushuru wa stempu unamsubiri, nao unafuata thamani ya kilichouzwa. Ndani ya thamani hiyo imo ya tairi la tatu. Inatia moyo kuona kwamba kwa upande wa kupokea, serikali imekwisha kulitambua tairi hilo. Kilichobaki ni upande wa kuandika.

Na si kwamba sheria zenu hazijui kuhesabu hadi tatu. Leseni ya udereva ina daraja A2, la pikipiki za magurudumu matatu au manne. Kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010 ziliziweka pikipiki za magurudumu mawili na za magurudumu matatu katika kitabu kimoja, miaka tisa kabla mamlaka ya awali, SUMATRA, haijaipisha LATRA. Namba za MC hufungwa kwenye bodaboda na bajaji bila ubaguzi. Tairi la tatu halina tatizo likitoka kiwandani. Likiongezwa baadaye, ndipo linageuka mzuka.

Hapa mnunuzi anaomba ruhusa ya kuwakumbusha ukoo wa bajaji. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa skuta ya Vespa. Miaka miwili baadaye, nchi ikiwa bado inaokota vifusi vya vita na wafanyabiashara hawana pesa ya lori, mhandisi wa kampuni hiyo Corradino D'Ascanio aliichukua Vespa hiyohiyo, akaondoa gurudumu moja la nyuma, akaweka mawili na bodi ya mizigo juu yake. Chombo kikaitwa Ape. Wahindi wa kampuni ya Bajaj wakapata kibali cha Piaggio mwishoni mwa miaka ya 1950, na mengine mnayaona kila asubuhi stendi ya Mwanga. Bajaji, mnayoiandikisha bila kupepesa macho, ni mjukuu wa pikipiki iliyokatwa nyuma. Tofauti ni kwamba babu alichorwa na kupimwa kabla ya kupakiwa mzigo, na hilo ndilo jambo pekee la maana katika mabishano yote haya.

Kigoma yenyewe haina haki ya kushangaa vitu vilivyobadilishwa. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikabomolewa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari na kwa reli, na kuunganishwa upya hapa hadi kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi kwa matumaini ya kurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, na katika miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke na kuwekewa dizeli. Mmiliki mwingine, jina jingine, injini nyingine, na muda mrefu chini ya maji katikati. Mnunuzi angependa kujua ilikuwa inatumia kadi gani.

Tuje kwenye bima, pasipo na kicheko kikubwa. Sheria inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kukikatia bima ya mtu wa tatu. Mnunuzi anakata, kwa kadi ya pikipiki, na stika anapewa bila mtu kuinama kutazama matairi. Siku chombo kitakapogoma kukata kona na kumvunja mtoto wa shule mguu, kampuni ya bima itaisoma kadi kwa umakini ambao haikuwa nao siku ya kupokea malipo. Kilichokatiwa bima ni pikipiki. Kilichogonga ni kitu kingine. Muuzaji ameshakula pesa, fundi hakuandika popote jina lake, na mtoto wa watu yuko wodini katika hospitali ya Maweni. Katika mnyororo huu mzima, aliyekamilika kwa karatasi ni mnunuzi peke yake, na karatasi hizo ndizo zinamtia hatiani.

Wapo pia wanaohitaji tairi la tatu kwa sababu isiyo ya mzigo. Mtu ambaye mguu wake mmoja hauwezi kushikilia pikipiki ya matairi mawili, akiongezewa la tatu anajipeleka sokoni mwenyewe. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vyombo vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, ila forodha hukutana na kilichovuka mpaka. Kilichochomelewa Gungu hakijavuka kitu zaidi ya mtaro. Ng'ambo ya ziwa, mbali upande wa pili wa Kongo, wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa waliizunguka dunia na baiskeli zao za magurudumu matatu, nyingine zikiwa na injini, zote zikiwa kazi ya mikono ya mtaani. Ulaya iliwapigia makofi. Haijulikani kama kuna aliyewaomba kadi.

Uingereza, kwa miaka mingi, chombo kilichobadilishwa kilihesabiwa pointi. Fremu au chasisi ya asili ilipewa 5, injini 1, springi na usukani vikapata zao. Kilichofikisha 8 kilibaki na namba yake. Kilichopungukiwa kilipelekwa kupimwa na kupewa namba inayoanza na Q, ili kila mnunuzi ajaye ajue kabla hajapiga magoti. Hakuna anayedai Q hapa Kigoma. Kinachodaiwa ni mtu wa kuhesabu.

Kwa hiyo ombi ni hili. Mkaguzi wa magari wa Polisi akae siku moja kwa wiki katika uwanja wa shirika la viwanda vidogo, SIDO, pamoja na mwalimu wa kuchomelea kutoka chuo cha ufundi cha VETA. Watazame difu ipo au haipo, breki zinashika pande zote mbili kwa pamoja, breki ya mkono inakizuia chombo mlimani, taa za nyuma zinaonyesha upana wote wa bodi, na kiungo kinahimili mzigo utakaoandikwa. Fundi aandike jina lake na kutia sahihi. Kilichofaulu TRA wabadilishe kadi, na mwenye kubeba mizigo ya watu kwa malipo apewe leseni ya kitu anachoendesha kweli. Kilichofeli kikatwe palepale, hata mwenyewe akilia. Vitafeli vingi, mnunuzi analijua hilo. Ameshakwangua rangi ya kutosha.

Likionekana zito, lipo ombi mbadala. Mnunuzi apewe kadi ya nusu ya mbele. Akatiwe bima ya theluthi mbili, tairi la tatu lisafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Na kwa kuwa bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, trafiki wamtoze 5,000 kama pikipiki na 5,000 kama bajaji, stakabadhi mbili, ili mahesabu ya serikali yasiyumbe.

Anaomba majibu kabla ya msimu wa mvua, maana barabara ya kwenda Katonga ikilowa, chombo chenye breki ya upande mmoja hakishuki kilima kwa hiari yake.

Wenu mtiifu,
Mnunuzi (mbele MC, nyuma haijulikani)

Nakala: SIDO, kwa ajili ya uwanja, VETA, kwa ajili ya mwalimu, na muuzaji, ambaye simu yake haipokelewi tangu Jumanne.