Subira ya Sekunde 10
Watunzi wa programu za simu hubishana, kwa bidii ya wanazuoni, kuhusu maktaba ya mtandao, yaani fungu la msimbo ulioandikwa tayari, linalopeleka maombi ya programu kwenye seva na kurudi na majibu. Volley, iliyotangazwa na Google mwaka 2013, isipobadilishwa hungoja sekunde 2.5 kabla ya kujaribu tena, ilhali OkHttp ya kampuni ya Square hustahimili sekunde 10, tofauti ambayo mkazi wa Hai Mauna, Juba, aliyefunzwa na mtandao subira ndefu zaidi, huenda asiitambue. Aidha, mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini ilipoamuru mitandao ya kijamii ifungwe, Januari 2025, maktaba zote zilithibitika kulingana kabisa kwa ubora.